Mguu wa Colombe

Ugonjwa wa corona ulipofika Bukavu, kituo ambako Delphine alimpeleka binti yake kwa mazoezi ya viungo kilifunga geti. Colombe alikuwa msichana wa miaka sita ambaye misuli ya miguu yake ilikakamaa tangu kuzaliwa, hasa ya mguu wa kulia. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusimama, akishikilia vyuma viwili, ulimi nje kwa bidii.

Mtaalamu wake wa mazoezi hayo, ambaye wote walimwita kine Emile, alimpigia Delphine simu.

"Maman Colombe, usiache mazoezi. Kila siku nyoosha kisigino chake, pole pole."

Pole pole? Delphine hakuwa na upole wowote wakati ule. Alikuwa mshonaji huko Bagira, na kila aliposhona mshono mmoja aliinuka kwenda kuushika ule mguu, kuona kama umekaza zaidi ya asubuhi. Alipoona umekaza, aliusukuma kwa nguvu. Colombe alilia. Delphine naye akilia alizidi kusukuma, kwa sababu aliogopa kwamba akiacha, mtoto hatasimama tena maisha yake yote.

Halafu siku moja alipoingia tu chumbani, Colombe alificha miguu chini ya kitenge na kugeukia ukuta.

Mumewe, Bisimwa, aliona. "Delphine, acha. Mutoto anakuogopa."

"Nikiacha, ule mguu utakauka! Unataka akuwe wa kukalishwa tu?"

"Mi sisemi vile. Nasema anakuogopa, wewe mama yake."

Delphine alimfunga mtoto mgongoni akatoka kwenda nyumbani kwa Emile. Taxi iliyosimama barabarani ilikuwa na nafasi, lakini abiria mmoja alimwona Colombe akitoa udenda bila barakoa, akapiga kelele kwamba huyo ni mgonjwa, na dereva akaondoa gari. Basi akatembea na mzigo wake, akipanda na kushuka vilima mpaka Kadutu, akijiuliza njia nzima kama anampeleka mtoto kwa dawa au kwa ugonjwa.

Emile alitoka nje na barakoa, akabaki mlangoni.

"Siwezi kumugusa, maman. Papa yangu iko ndani, na mapafu yake si nzuri. Kaa pale kwenye mukeka, nionyeshe namna unafanya."

Delphine alishika kisigino. Colombe alipiga yowe kabla hata hajasukumwa.

"Ngoja!" Emile alisema. "Mikono yako iko na haraka. Mbele ya kumugusa, muongeleshe. Shika tu, usisukume. Mguu wenyewe utakuambia wakati unalegea."

Delphine alishika tu. Kukaa vile bila kufanya kitu kulimtesa kuliko kilima. Alianza kumweleza Colombe habari za gauni aliloliacha kwenye mashine, la bibi harusi anayenenepa kila wiki, na mtoto akacheka. Kidogo kidogo kile kisigino kikamlegea mkononi.

Wakaendelea hivyo nyumbani. Kuna siku zilizokwenda vizuri. Kuna siku Delphine alitupa kitenge, akatoka nje na kuzunguka nyumba mpaka moyo utulie.

Kituo kilipofunguliwa, Emile alimpima Colombe na hakuficha kitu: misuli ya mguu wa kulia ilikuwa imefupika. Kwenye vile vyuma hakuweza kusimama. Ilibidi kumfunga plasta ngumu ili kisigino kirudi mahali pake taratibu.

Emile alipochukua ule mguu ili aufunge, Colombe aliuvuta, akaunyoosha kwa mama yake.

"Mama ndiye ashike," alisema.

Emile akasogea kando. Delphine akashika, na Colombe akalegea kabisa, huku plasta ikizungushwa.

"Na kama banafunga kituo tena?" Delphine aliuliza, bila kuinua macho.

"Sijui, maman," Emile alijibu. "Shika vizuri, haijakauka."