Geti Lililoacha Kulia

Jumapili moja mwaka juzi, injini ya pikapu yangu iliwaka. Gari lenyewe lilikuwa limekaa juu ya mawe uani kwangu, hapa mtaa wa Wabera, Isiolo, kwa miezi mingi, kuku wa watu wakitaga chini yake. Nilikuwa nimefungua karbureta mara tatu na kuifunga mara tatu, na kila mara nilibaki na skrubu moja mkononi nisiyojua imetoka wapi. Mara ya nne haikubaki skrubu. Nikazungusha ufunguo, gari likakohoa, likawaka. Nikaruka nje na mikono yangu ya oili, nikageuka kutazama nani ameona. Hakukuwa na mtu. Mbuzi wawili walikuwa wamesimama barabarani wakitafuna karatasi. Nikaizima injini nikaingia ndani kunawa.

Mke wangu tulimzika kwetu Meru. Watoto wako Nairobi, nao hupiga simu Jumamosi. "Uko sawa, Baba?" "Niko sawa." Basi, yameisha. Mchana nauza misumari na rangi katika duka moja la vifaa vya ujenzi mjini. Jioni narudi kwa baiskeli kuwa fundi wa nyumba yangu mwenyewe. Baiskeli hiyo nimeibadilisha cheni, pedali, spoki na breki, hata kilichobaki cha zamani ni fremu na mwenye kuiendesha. Sitaki fundi kwangu. Fundi huja kesho, na kesho ya mafundi haina mwisho. Nikikaza nati nikasikia imeshika, moyo wangu unatulia kidogo. Ni raha nisiyohitaji kumwomba mtu.

Kilichobaki kilikuwa geti. Bawaba zake zilikuwa zimelika, kwa hiyo ukilisukuma linaburuza sakafu na kulia kwa sauti ya kuamsha mtaa. "Kila siku baiskeli, baiskeli, na geti inatuaibisha," mke wangu alikuwa akisema. Mimi nikamjibu kesho, miaka yote. Kumbe nami nilikuwa fundi kama wale wengine.

Ng'ambo ya ukuta anaishi mama mmoja mzee, Mborana, mjane. Macho yake yameingia ukungu, lakini masikio ni mazima. Kila jioni geti lilipolia tu, nilimsikia: "Baba! Umefika?"

"Nimefika, Mama."

"Nagaa?" Hapo ananiuliza kwa Kiborana kama kuna amani.

"Nagaa."

Kisha anapanda juu ya jiwe lake, na mkono unatokea juu ya ukuta na kikombe cha chai ya maziwa. Nakunywa nikiwa nimesimama, namrudishia kikombe, kila mtu anaingia kwake. Hatukuwa na maneno mengi. Siku ile ya pikapu aliniuliza ni lori gani lililokuwa linanguruma mchana. Nikamwambia sijui. Nilitaka aulize tena ndipo nijisifu, naye hakuuliza. Lakini katika mji huu mzima, ni yeye peke yake aliyetaka kujua kama nimefika.

Mwezi uliopita, Jumapili, nikaamua kulitengeneza geti. Yule mama jirani alikuwa harusini mtaa wa Bulla Pesa tangu asubuhi. Nikaliinua geti kwa jeki ya pikapu, nikaling'oa, nikazipiga bawaba tupa hadi zikang'aa, nikaongeza washa za chuma, nikapaka grisi, nikakata ule ukingo wa chini uliokuwa unaburuza. Jua lilinichoma shingo siku nzima na sikujali. Jioni nikalisukuma kwa kidole kimoja. Likafunguka kimya. Nikalifungua na kulifunga labda mara ishirini, kama mwendawazimu. Halafu nikasema kwa sauti, pale nilipokuwa peke yangu, "Haya, mama watoto. Kesho imefika." Nilifurahi, kisha nikalia.

Jumatatu nikarudi kutoka kazini, nikaingia. Hakuna aliyeita. Nikadhani anaswali. Nikaegemeza baiskeli, nikafuta vumbi lisilokuwepo kwenye kiti chake, nikasubiri. Jumanne ikawa hivyo hivyo. Jumatano nikamsikia akikohoa palepale karibu na ukuta, nami nikanuna. Mimi ni mtu wa kununa, sifichi. Nikajiambia amechoka nami, na kwani chai ni haki yangu? Nikaingia ndani nikabamiza mlango wa chumbani, ambako hakuna wa kusikia.

Alhamisi nilikuwa naingiza baiskeli nilipomsikia akiongea na mama anayemletea maziwa.

"Leo punguza. Huyu Mmeru wangu amehamia kwa watoto yake Nairobi. Hata kuniaga hakuniaga."

Nikasimama na baiskeli mkononi. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa nimeziba ufa, na ukuta nimejenga vilevile.

Wazo la kwanza lilikuwa la kifundi. Nikainama nikachota konzi ya mchanga niutie kwenye bawaba, geti lirudie kelele zake. Isiolo hatukosi mchanga. Nilikuwa nimeshafika kwenye bawaba ya juu nilipokumbuka siku niliyorudi kutoka kumzika mke wangu. Siku hiyo pia, aliyeita alikuwa mama huyu. Miaka tisa ya ujirani, na sikuwahi kuwa wa kwanza kuita. Hata mara moja. Niliona aibu iliyonichoma masikio. Nikaumwaga mchanga.

"Mama!" Sauti ilitoka imekwaruza.

"Nani?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Alikuwa hajawahi kusikia sauti yangu ikitangulia. "Jirani yako, Mama. Nimefika."

Kisha nikasikia jiwe likisogezwa. "Umefika leo?"

"Nafika kila siku. Ni geti nimetengeneza, haipigi kelele tena."

"Ati umetengeneza geti." Akafikiri. "Na mdomo, hiyo nayo iliharibika?"

Nikapangusa mchanga uliobaki mikononi.

"Siku tatu nimepika chai yako nikamwagia mbuzi," akasema. "Ngoja nipike ingine."

Nikangoja palepale ukutani. Jua lilipotea kabisa kabla kikombe hakijatokea, na sikuingia ndani.

Siku hizi naita mimi. Kuna jioni anakawia kuitika, nami nasimama na baiskeli yangu, roho juu, kama alivyosimama yeye zile jioni tatu.