Kuangalia Nyuma Kabla ya Mpira

Uwanja wetu wa Uvira ulikuwa kati ya barabara na ziwa, na upande wake wa kulia haukuwa wetu. Ulikuwa wa akina mama walioanika ndagala mchangani, na mama wa Uvira akishaanika samaki wake hampishi mtu, hata mtu huyo awe na mpira mguuni. Kwa hiyo winga wangu wa kulia alijifunza kuingia ndani mapema, si kwa mbinu, bali kwa kuogopa kupigwa ungo wa kichwa. Timu za wageni zilidhani ni ufundi wa mwalimu. Niliziacha zidhani hivyo.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Padri Mzungu aliyefundisha mpira alirudi kwao baada ya uhuru, akaniachia filimbi na mipira ya ngozi. Wengine walikuwa wakigombania vyeo na nyumba za Wabelgiji. Mimi nikarithi vijana. Nilikuwa mkali, tena sana. Sikupenda mchezo wa wote kuukimbilia mpira kama kuku waliomwagiwa mahindi. Kila mtu na nafasi yake: beki asipande hovyo, winga asishuke kuomba mpira kama ombaomba, na demi, yule wa katikati anayeunganisha nyuma na mbele, ajue kilicho mgongoni kwake kabla mpira haujamfikia.

Hilo la demi nililifundisha kila jioni. Nilimpigia mpira, na mwenzake akamjia kwa nyuma, miguu mitupu, kimya. Kabla ya kuupokea alitakiwa ageuze shingo upesi, aone, kisha arudishe macho mbele. Asiyegeuza alikimbia mpaka bandarini Kalundu na kurudi, wapagazi wakimzomea njia nzima.

Aliyelishika somo hilo kuliko wote alikuwa mtoto wa mama mmoja wa hao wa ndagala, kijana mwembamba, mpole, asiyesema sana. Ilifika mahali akawa anageuza shingo hata akiitwa ubaoni. Wenzake walimcheka. Mimi nilijisikia fahari, na sikuificha.

Kisha waasi wakaingia mjini, shule ikafungwa. Walichukua vijana wengi, naye wakamchukua. Waliwanyunyizia maji ya dawa, ambayo walisema yanazuia risasi, wakawapa masharti yake. Moja lilikuwa hili: ukiwa vitani usiangalie nyuma wala pembeni, macho yawe mbele tu. Anayegeuka anavunja dawa, na haivunji ya kwake peke yake, anavunja ya wote. Niliposikia sharti hilo nilijua litamkuta nani. Nilitegemea kusikia uchungu, lakini haukuja. Siku zile tulikuwa tumeona mengi, na moyo ulikuwa umekufa ganzi. Nilikula ugali wangu, nikalala usingizi mzuri.

Walipelekwa kwa malori upande wa Luvungi, kupambana na askari wa serikali. Malori yalirudi karibu matupu. Asubuhi iliyofuata mama yake alisimama mlangoni kwangu, mikono bado inanuka samaki.

“Baba mwalimu, mutoto alirudi. Lakini benzake banasema ni yeye aliharibisha dawa, ati aligeuka. Banataka kumuua. Komanda anakuita ku terrain ya mpira.”

Nilivaa viatu. Nakumbuka nilifunga kamba vizuri.

Komanda nilimfahamu. Kabla ya vita alikuwa karani bandarini, na Jumapili alikuja kutazama mechi zetu. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja na wapiganaji wake, na kijana wangu mbele yao, midomo imekauka.

“Mwalimu, huyu ni mutu yako?”

“Ni yangu, komanda.”

“Minye nilimuonaka akicheza. Shingo yake haituliake. Sasa yeye anasema hakugeuka kule Luvungi, na benzake banasema aligeuka. Tutaona. Kama dawa ilimushika kweli, hatageuka tena. Umupigie mpira vile unamupigiaka siku zote.”

Akamweka mpiganaji mwenye mkuki nyuma ya kijana, mbali kidogo. Mtu yule angekuja mbio mpira ukiondoka mguuni kwangu. Kijana akigeuka, mkuki ungeendelea na safari yake. Hayo komanda aliyaeleza kwa sauti ya kawaida, kama anayeelekeza mzigo uwekwe wapi.

Niliwaza kuupiga vibaya, uende pembeni, lakini hapo angelazimika kuugeukia. Ilibidi uende moja kwa moja. Basi niliufikiria mguu wangu tu: upande wa ndani, kifundo kigumu. Nikapiga.

Mpira ulikwenda taratibu. Yule wa mkuki alikuja kwa kishindo, tena na buti. Niliona mishipa ya shingo ya kijana ikisimama, kichwa kikitetemeka. Macho yake yalikuwa kwangu, yametoka, yanamwaga machozi, na hayakupepesa. Mpira ulimgonga kwenye ugoko, ukadunda ukaenda zake kwenye ndagala. Mkuki ulisimama karibu na mgongo wake.

Wapiganaji walicheka. Komanda naye alicheka.

“Hata kucheza hajue tena. Dawa iko naye. Mumuache.”

Mama yake alikaa chini palepale mchangani. Mimi nilikwenda kuuokota mpira, maana mingine yote ilikuwa imeibwa. Kama aligeuka kule Luvungi au hakugeuka, sikumuuliza, na mpaka leo sitaki kujua.

Askari wa serikali waliuteka tena mji, waasi wakapanda milimani, na baadaye tukaanza tena mazoezi na wale waliobaki. Kijana wangu naye alikuja. Nilimweka katikati, mahali pake, nikampigia mpira. Akausubiri akiwa amekakamaa, na mtoto mdogo tu akamnyang'anya kutoka nyuma. Nikapiga tena. Vilevile. Nikapiga kelele, “Nyuma! Angalia nyuma!” mpaka sauti ikakauka.

“Mwalimu,” akasema, “shingo haitake.”

Hakuwa ananitania. Nikampeleka golini, kwa sababu wachezaji wote wanakuwa mbele ya kipa. Hakuwa kipa mbaya.

Jioni moja mama yake alikuja kumwita akale. Alipitia upande wa ziwa, akasimama nyuma ya goli na kumwita kwa jina lake la utotoni. Alimjibu, “Ndiyo, mama,” huku macho yakibaki uwanjani. Akamwita tena, akajibu tena vilevile. Mama akanitazama, nami nikatazama chini. Kisha akazunguka nguzo ya goli, akaja kusimama mbele ya mwanawe ili amwone.