Maji ya Mtihani wa Kemia

Matokeo ya Kemia yakitoka vizuri, mwalimu wa Kemia hubebwa juu juu na wanafunzi, naye mkuu wa shule hutabasamu mbele ya kamera. Syombua hakuna anayemkumbuka. Amekuwa fundi wa maabara katika shule yetu ya bweni ya wavulana na wasichana, hapa upande wa Kyuso, kwa miaka kumi na tisa, na bado kuna walimu wanaomwita "yule mama wa chupa". Jambo hilo huniudhi. Ndiyo maana nasimulia asubuhi ile ya mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne, kama alivyonieleza mwenyewe.

Maji ya kisima chetu yana chumvi. Kwa Kemia hayafai kabisa, kwa sababu chumvi hiyo hujibu maswali ambayo hayakuulizwa: mtahiniwa anadhani anapima unga aliopewa, kumbe anapima kisima. Kwa hivyo Syombua huchemsha maji siku mbili nzima, akikusanya mvuke tone kwa tone, mpaka apate ya kutosha mtungi wa lita ishirini.

Asubuhi hiyo, saa moja kabla ya mtihani, alichota kidogo mtungini na kutia matone mawili ya nitrati ya fedha, dawa inayofichua chumvi. Maji yakageuka meupe kama maziwa. Akarudia, na yakawa meupe tena.

Nje, watahiniwa sitini na wawili walikuwa wamepanga foleni.

"Nani ameguza mtungi yangu?"

Mkono ulioinuka ulikuwa wa Kalunde, msichana wa Nuu, wa kwanza darasani, ambaye tangu Kidato cha Kwanza hakuwa na ndoto nyingine ila udaktari. Jana yake, baada ya Syombua kutumia nusu ya maji hayo kuchanganya dawa, ndiye aliyefagia maabara.

"Ni mimi, madam. Nilipata imebaki nusu, nikaijaza."

"Na maji ya wapi?"

"Ya mfereji, ya kisima. Woi, madam, sikujua!"

Kwao, msichana akikuta mtungi umebaki nusu huujaza bila kuambiwa. Akiuacha hivyo, watu wataanza kuuliza mamake alimlea vipi. Kalunde alikuwa ametenda adabu, basi.

"Umetumaliza sisi wote," mtahiniwa mwenzake, Kaloki, alimwambia kutoka nyuma.

Syombua hakumgombeza. Wakati wa kugombeza haukuwepo. Alikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na tatu, mtungi mtupu mkononi na chupa ya nitrati ya fedha mfukoni, hadi nyumbani kwa mkuu wa shule, penye tangi la maji ya mvua. Mkuu ni mtu wa Nyeri na chai ya kisima ilimshinda wiki ya kwanza, kwa hivyo tangi lake lina kufuli. Mwenyewe alikuwa ameenda kuchukua karatasi za mtihani. Mkewe alikuwa akianika nguo.

"Ufunguo iko na Mzee. Hutembea nayo."

"Basi nipe nyundo, Mama Kanyi."

"Madam Syombua! Atakufuta kazi!"

"Anifute kesho. Leo nipe nyundo."

Kufuli lilikatika kwa pigo la nne, na barua ya onyo kuhusu kufuli hilo ingali katika faili yake. Aliyapima maji palepale kando ya tangi. Hayakubadilika rangi. Anasema alilia kidogo, kisha akajaza mtungi, akaubeba mgongoni.

Mtihani ulianza kwa wakati. Msimamizi, Bwana Musembi kutoka shule nyingine, alitangaza kwamba maji yamebadilishwa, kisha akamwonya Syombua asimwambie mtahiniwa yeyote neno. Wengine waliamini wakaanza. Kalunde hakuanza. Aliutazama mtungi, nao ulikuwa ule ule aliokuwa ameujaza kwa mikono yake. Dakika kumi zikapita, kisha kumi na tano, na mikono yake ilikuwa bado magotini. Syombua alitaka kupiga kelele, lakini neno moja tu lingemfukuzisha mtoto chumbani.

Alichukua kikombe chake cha chai, akaenda mpaka kwenye mtungi, akakijaza. Akageuka kumwelekea Kalunde na kunywa polepole, mpaka tone la mwisho.

"Madam!" Bwana Musembi aliruka. "Watu hawakunywangi maji kwa lab!"

"Pole, mwalimu. Nimeshikwa na kiu."

Maji ya kisima chetu hakuna anayeyanywa bila kukunja uso. Kalunde alikuwa ameukodolea macho uso wa Syombua tangu kikombe kilipogusa midomo, akisubiri ukunjike. Haukukunjika. Msichana akavuta pumzi, akainua chupa yake iliyojazwa kutoka mtungini, akamimina.