Ernest Kinyozi na Saa Iliyompigia Mbiu

Ukitaka kunyolewa kwa Ernest pale Bigwa, ilikupasa uende na nafasi. Si kwamba mkono wake ulikuwa mzito. La, Ernest alinyoa vizuri kuliko vinyozi wengi wa mjini. Shida ilikuwa mdomo. Ukishafungwa shuka shingoni na mashine ikishaanza kunguruma, ulikuwa mali yake, na Ernest alikuwa na maoni juu ya kila kitu chenye betri.

"Aifoni," angeanza, akikuinamisha kichwa, "ni nyumba ya kupanga yenye mwenye nyumba mkali. Safi, ina geti, maji hayakatiki. Lakini hata msumari wa kutundika kalenda unauombea ruhusa. Androidi je? Androidi ni kiwanja chako. Jenga utakavyo. Ukitaka kuweka choo sebuleni, weka."

"Na kompyuta?" mteja angekosea kuuliza.

"Kompyuta tia Linux. Linux ni jembe. Halina urembo, lakini mpini ukivunjika unachonga mwingine mwenyewe."

Kompyuta yenyewe Ernest alikuwa nayo moja, kuukuu, iliyokaa juu ya kabati la taulo. Alikuwa ameichongea mipini mingi kiasi kwamba siku hizi ilikuwa ikiwaka tu, inatoa maandishi meupe, halafu inatulia. Yeye alisema inafikiri.

Toleo jipya la programu likitoka, Ernest aliacha kila kitu. Rafiki yake Nasibu, fundi baiskeli wa jirani, aliwahi kukaa kwenye kiti nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa na nusu bado, huku kinyozi wake akisoma kwa furaha mambo mapya yaliyoongezwa kwenye simu. "Subiri, Nasibu, wamebadilisha rangi ya kitufe!" Nasibu alisubiri. Angeenda wapi na kichwa kile?

Mkewe, Yuliana, alikuwa amevumilia mengi zaidi. Mwaka jana Ernest aliiboresha simu yake bila kumuuliza, akaiwekea uwezo wa kusoma kwa sauti kila ujumbe unaoingia. Yuliana alikuja kugundua siku ya jumuiya, wakati wa sala, simu ilipotamka kutoka kwenye mkoba, kwa lafudhi ya mtu aliyejifunza Kiswahili jana: "Huyo Magreth na wigi lake kama kiota." Magreth, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa amekaa ubavuni pake. Tangu siku hiyo Yuliana alilala na simu yake chini ya mto.

Basi ndipo ilipokuja saa.

Ilikuwa saa janja, nyeusi, kioo chake kinang'aa kama jicho la paka. Ilipima mapigo ya moyo, usingizi, na hewa ya damuni, lakini kilichomkosesha Ernest usingizi wenyewe ni jambo moja: saa ile ilijua kama mvaaji wake ameanguka. Ukianguka, inakuuliza kama uko salama. Usipojibu, au ukijibu hapana, inaiambia simu yako itume ujumbe kwa watu uliowachagua. Kama hakuna mtandao, simu inaendelea kujaribu mpaka upatikane.

"Haikati tamaa," Ernest alimwambia kila mteja. "Hebu niambie binadamu gani yuko hivyo."

Maelekezo yalishauri uchague watu wachache wa karibu. Ernest aliona huo ni uoga. Akachagua kitabu chote cha simu: wateja, kwaya, jumuiya, mtendaji wa kata, hata bwana wa Msamvu aliyemuuzia wembe. Kisha akatunga ujumbe wake mwenyewe, maana ule uliokuja na saa aliuona mkavu: "Mimi Ernest wa saluni ya Bigwa. Nimeanguka. Huenda siwezi kuongea. Fuateni ramani hii mnifikie. Mungu awabariki nyote." Sentensi ya mwisho aliiweka kwa ajili ya uzuri tu.

Jumamosi moja asubuhi aliaga kwenda kumsalimia baba mkwe wake, Mzee Bartholomeo, anayelima karoti na kabichi kule Mgeta. Akapata nafasi kwenye lori la mboga lililokuwa likipanda tupu kwenda kupakia, akashushwa barabarani, akaanza kuteremka njia ya miguu kuelekea nyumbani kwa mzee. Mkono mmoja alishika mfuko wa sukari, mwingine dumu la mafuta ya kupikia. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Njia za Mgeta zikiloa, hata wenyeji huzisemesha kwa adabu. Ernest alikuwa akiitazama saa kuona ameshateremka mita ngapi.

Akaenda chini kwa makalio, akapita mgomba, akapita mgomba wa pili, akakwama kwenye kichaka. Sukari salama, mafuta salama. Saa ikatetemeka kwa nguvu.

"Imejua!" Ernest alisema peke yake, ameketi matopeni, uso umejaa furaha. "Imejua kwamba nimeanguka!"

Kioo kilikuwa kimejaa tope, akakipangusa kwa kidole gumba ili asome vizuri inasema nini. Kwa kukipangusa hivyo, akawa amejibu swali kwamba hayuko salama. Saa ikaandika kwamba msaada unaitwa. Akatazama simu, akaona mtandao hakuna kabisa. Akacheka, akairudisha mfukoni, akanyanyuka. Yale maneno yake mwenyewe kwamba haikati tamaa hayakumjia hata kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Mbona umekuja na nusu ya mlima kwenye suruali?"

Wakasalimiana kwa kirefu, wakaulizana habari za Yuliana na za binti yao Judith aliyeko shule ya bweni. Simu ya Ernest ilikuwa inakaribia kuzima, kwa sababu ilibeba programu nyingi kuliko uwezo wake. Jirani mmoja, Semeni, alikuwa anapanda barabarani na tenga la karoti, akajitolea kuipeleka kwa Chausiku, mwenye kibanda cha kuchaji simu kwa umeme wa jua. Ernest akashukuru, akampa, akakaa kula ugali kwa maharage na kabichi.

Mambo yaliyotokea Bigwa alikuja kuyasikia baadaye, kutoka kwa watu wengi, kila mmoja na nyongeza yake. Ila yote yalikubaliana hivi: simu ilipofika barabarani kwenye mtandao, ilituma ujumbe wote kwa mpigo. Kule Bigwa simu zikalia nyumba kwa nyumba. Nasibu aliangusha spana. Yuliana, aliyekuwa anaanua nguo, alisoma mara mbili, akafika kwenye "Mungu awabariki nyote", akaziacha nguo kwenye kamba. Akapiga simu. Ikapokewa na mwanamke asiyemjua. Alikuwa Chausiku.

"Mwenye simu yuko wapi?" Yuliana aliuliza.

"Mwenye simu hatunaye, mama," Chausiku alijibu kwa upole. "Ametuachia simu tu. Yeye ameteremka..."

Mtandao ukakata, na simu ya baba yake nayo haikupatikana. Hakukuwa na haja ya kusikia zaidi. Yuliana alipiga ukunga ambao, kwa maelezo ya Nasibu, uliwainua kunguru wote wa Bigwa. Magreth alikuwa wa kwanza kufika, wigi mkononi, akamkumbatia, na ule ugomvi wa kiota ukaishia hapo. Mikeka ikatandikwa. Sufuria kubwa za jumuiya zikatolewa. Mtendaji wa kata akajibu ujumbe kwa neno moja, "Pole," akaendelea na shughuli zake. Lakini wengine wakatafuta gari la mizigo, wakapanda na Yuliana, na blanketi jipya la kumfunikia marehemu, wakashika njia ya Mgeta wakifuata ramani.

Jua lilikuwa limeanza kupoa Ernest na mkwewe waliposikia sauti kutoka barabarani. Wanawake walikuwa wakiimba wimbo wa maziko, taratibu, kwa sauti ya kwanza na ya pili.

"Baba, kuna msiba huku juu?"

"Sijasikia," Mzee Bartholomeo alisema, akatega sikio. "Labda wa ghafla. Twende tukawape pole, ni vibaya kukaa."

Ernest akavua kofia kwa heshima, wakapanda. Barabarani, karibu na kibanda cha Chausiku, wakakuta kundi la watu walioshuka garini sasa hivi, wamewapa mgongo, wanaangalia chini korongoni na kuonyeshana vidole. Ernest akamsogelea wa nyuma kabisa, akaongea kwa sauti ya chini, kama inavyostahili.

"Poleni sana, jamani. Nani ametutoka?"

Yule mtu akageuka. Alikuwa Nasibu. Akamtazama Ernest kuanzia tope la viatuni hadi kofia iliyoshikwa kifuani.

"Wewe," alisema.

Wimbo ukakatika katikati. Mtu mmoja akaanza kukimbia, akasimama, akarudi. Yuliana akapita katikati ya watu, akaja mpaka mbele ya mumewe, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akambinya, akamnusa hata. Alipohakikisha ni yeye, akavua mtandio, akaanza kumchapa nao mabegani, analia na kuchapa, anachapa na kulia.

"Baba Judith! Baba Judith, umeniua!"

Ernest alipokea mapigo bila kujikinga. Lakini ubongo wake, aliokuja kuulaumu baadaye, ulikuwa umeshaunganisha mambo yote, na kabla hajauzuia mdomo, ukasema, "Kumbe imefanya kazi!"



"'Mungu awabariki nyote,'" alisema Magreth polepole. "Ernest, nimeliimba lile neno lako njia nzima. Nimelia mpaka koo limekauka. Kumbe ulikuwa unakula maharage."

Ernest aliangalia chini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utu uzima hakuwa na maoni yoyote. Aliona blanketi jipya limekunjwa kwenye gari. Aliona Nasibu bado amevaa aproni ya grisi, hakukumbuka hata kuivua.

Aliyemwokoa ni Mzee Bartholomeo. Mzee alikuwa amekaa juu ya jiwe, anahema kwa sababu ya kilima, akaashiria apewe mkono wa Ernest, akaigeuzageuza ile saa.

"Yaani hii ndiyo imewaita hawa wote?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Mwaka juzi niliteleza kule shamba la juu," mzee alisema. "Nyonga ikakataa. Nikalala kwenye karoti tangu umande mpaka jua la utosi. Niliita mpaka sauti ikaisha. Aliyenipata ni Semeni, tena alikuwa anatafuta mbuzi wake." Akaigonga saa kwa ukucha. "Wewe Yuliana hukujua, maana sikukuambia. Sasa niambieni. Hii inauzwa wapi?"

Yuliana akaacha kuchapa. Akachuchumaa mbele ya baba yake, akashika goti lake.

Ernest akaifungua saa, akaifunga kwenye mkono mwembamba wa mzee, ikabidi aivute mpaka tundu la mwisho. Akachukua simu ya mzee, ile aliyomletea yeye mwenyewe Krismasi, akaanza kupanga. Shamba la juu mtandao ulikuwepo. Safari hii hakugusa kitabu chote cha simu. Aliinua macho akawatazama watu waliopanda gari la mizigo kwa ajili yake, akaandika Yuliana, akaandika Nasibu, kisha akamwomba Semeni namba yake, na Chausiku pia.

"Mtandao ukikata maneno yangu tena, msidhani chochote," Chausiku alisema, bado anaona aibu. "Mimi nilimaanisha ameteremka kwa mkwewe!"

Hapo ndipo Magreth alipocheka, na wengine wakamfuata, na Yuliana mwisho wao wote. Blanketi alipewa mzee, kwa kuwa Mgeta kuna baridi. Wakashuka mjini jua likizama nyuma ya milima, Ernest amebanwa katikati ya waombolezaji wake, na kila walipopita kwenye mashimo mtu alimuuliza kama ameanguka.

Wiki iliyofuata, Ernest akiwa na kichwa cha mteja mkononi, simu yake ikaita. Ilikuwa Mgeta.

"Mkwe," Mzee Bartholomeo alisema, amekasirika kweli kweli, "hii saa yako imenitetemekea sasa hivi hapa shambani. Wameniandikia ninyanyuke nitembee kidogo, eti nimekaa sana. Nimeinama na jembe tangu alfajiri! Nani anaiangalia? Nipe namba yake niongee naye."