Siku Kaka Aliposema Kazi Ni Yangu

Juzi mvua ilinyesha hapa kijijini Dadamu mchana kutwa, na ilipokatika jioni kumbikumbi wakatoka ardhini kama moshi. Nimekuja kwa bibi likizo, nikitoka shuleni Ediofe, na nilikuwa barazani naosha miguu. Bibi akaweka beseni la maji chini ya taa ya sola, wadudu wakaanza kuangukia ndani. Mimi nikajikuta naangalia ukuta wa kushoto, pale penye misumari miwili. Meza haipo. Nilijua haipo, ni miaka sasa, lakini macho yalienda yenyewe. Nadhani hata wewe kwenu una mahali kama hapo, unapaangalia bila kutaka.

Pale ndipo ilikaa kompyuta yetu.

Ilikuwa wakati shule zote zimefungwa kwa sababu ya ule ugonjwa, na sisi watoto tukapelekwa vijijini bila kujua ni kwa wiki mbili au kwa maisha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kaka, mtoto wa mjomba, alikuwa na kumi na sita. Alitoka Koboko, mama yake ni Mkongomani wa ng'ambo ya mpaka, na hata kabla ya ugonjwa yeye shule alikuwa ameshaiacha, kwa sababu mjomba alikwenda Juba akanyamaza. Nyumbani kwa bibi tuliongea Kiswahili. Kaka hakujua vizuri Kilugbara, lugha ya hapa, na bibi alikuwa mke wa askari, Kiswahili alikiokota kambini pamoja na kupiga pasi.

Jirani yetu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya misheni. Katika stoo yake, chini ya magunia ya maharage, kulikuwa na kompyuta tatu zilizokufa. Kaka ndiye aliyeziomba. Kaka angeweza kuomba hata paa la nyumba yako ukampa. Mwalimu akacheka, akasema tukiweza kufufua hata moja, iwe yetu.

Nikikuambia tulizifungua kwa kisu cha bibi cha kumenyea muhogo, usicheke. Ndani ya moja mjusi alikuwa ametaga. Vumbi jekundu lilikuwa limeshikana kama keki, tukalipuliza kwa pampu ya baiskeli. Kaka alichoka siku ya pili. Mimi sikuchoka. Mimi ni mtu wa aibu, nikiwa na watu maneno yananikwama, lakini nyaya hazikuulizi kwa nini umenyamaza. Nilitoa memori za zile tatu, nikasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, nikazirudisha moja moja, nikizibadilisha nafasi. Siku ya tisa ikalia pii, mara moja. Nilikaa chini kabisa. Kaka akakimbia kiwanja chote akipiga kelele kwamba tumefufua mutu.

Kasha lake lilikuwa limeoza, basi tukaitengenezea jipya kutoka kwa madebe mawili ya mafuta ya kula, yale yanayotoka kwenye kambi za wakimbizi. Nililipaka rangi ya kucha aliyoiacha mama mdogo, nyekundu, mpaka ikaisha, halafu upande mmoja ukabaki bati tupu. Umeme ulitoka kwenye sola na betri ya lori. Jioni ya kwanza tuliyowasha kioo, kumbikumbi walikuja wote wakakifunika, hatukuona hata herufi. Bibi akaleta beseni, akaliweka chini ya kioo, akakaa. Alipolijaza alisema, "Sasa hii kitu yenu iko na kazi." Tulikula kumbikumbi wa kukaanga na ugali wa muhogo siku tatu.

Baadaye nikagundua kazi ya simu. Simu za watu wa kijiji zilikuwa nzito, zimejaa vitu vya kiwandani, programu zisizo na kazi, ambavyo ukivifuta kwa kidole vinakataa. Nilizichomeka kwenye kompyuta kwa waya, nikajifunza kuandika amri, nikaviondoa kimoja kimoja. Nyingine zilihitaji kuflashiwa, yaani unafuta kila kitu na kuiandika simu upya kama mtoto mchanga. Kwa hiyo kwanza lazima uhamishe picha za mwenyewe. Nilibadilisha mwandiko, rangi, hata picha ya kuwakia. Mzee wa kanisa simu yake iliwaka ikionyesha ng'ombe wake. Mama muuza angara, vile visamaki vikavu, alitaka waridi, nikamchorea mwenyewe, nukta kwa nukta.

Watu walikuja. Walileta mayai, karanga, mara moja bata mzima. Na hapa ndipo niseme vile ilivyokuwa: kaka alikaa mbele na wateja, mimi nilikaa nyuma ya kioo, pembeni bibi akimenya muhogo kwenye mkeka. Kaka alipokea simu, akauliza habari za nyumbani, akatania, halafu akaniwekea mezani kama mtu anayeweka sahani. Nikimaliza alikuwa anaichukua, anaigusagusa kidogo, anampa mwenyewe. Wote walimwita daktari. Sikukasirika. Kusema kweli nilipenda. Nilikuwa mtu nisiyeonekana ambaye kazi yake inaonekana, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa raha tupu. Jioni tukihesabu mayai kaka alikuwa ananiambia, "Bila wewe mimi niko bure kabisa," na mimi nililala na maneno hayo kama blanketi.

Halafu mwalimu akaleta simu yake. Mke wake alikuwa amefariki mwaka ule ule, na simu ilikuwa inazimika yenyewe. Alimwambia kaka kwamba picha zote za mama watoto zimo humo, hana pengine. Kaka akamwambia asijali hata kidogo.

Diski yetu ilikuwa imejaa mipira ya kaka, zile video za mechi. Nikamwomba afute baadhi, ahamishe picha za mwalimu, mimi nikateke maji. Niliporudi nilimuuliza, ndoo ingali kichwani, "Kaka, picha umehamisha?" Akajibu, "Nimeisha hamisha, fanya." Sikuenda kuangalia. Kila siku huwa naangalia. Siku ile sikuangalia, kwa sababu alikuwa kaka. Hilo nalikubali ni langu.

Nikaiflashi, ikafutika yote, ikatoka nzuri. Nyepesi, haraka, inang'aa. Mwalimu aliishika, akaingia kwenye picha, akasukuma kidole chini, juu, chini. Akasukuma muda mrefu.

"Mama yao iko wapi?" akauliza.

Nilimwangalia kaka. Nilingoja aseme chochote, aseme amesahau, aseme tutatafuta. Alikuwa ameshika ile rangi ya kucha tuliyomaliza, anafungua na kufunga kifuniko.

"Mwalimu," akasema, "mimi naongeaga na watu tu. Kazi yote iko ya huyu. Tangu ya kwanza mpaka leo. Uliza hata bibi."

Unaona? Miezi ile yote, ng'ombe wa mzee wa kanisa, waridi la mama wa angara, hakuwahi hata mara moja kusema jina langu. Siku kazi ilipokufa ndiyo siku aliponipa. Na hakusema uongo. Ndiyo maana sikuweza kujibu, maana kila neno lake lilikuwa kweli, na uongo wake wote ulikuwa ndani ya kile alichoacha.

Mwalimu akageuka kwa bibi. Bibi alikuwa kwenye mkeka, pale pale alipokuwa nikiuliza na kaka akijibu. Kisu kilisimama, halafu kikaendelea.

"Ni huyu mtoto," bibi akasema.

Mwalimu hakunigombeza. Aliniangalia kama mtu anayeonyeshwa mlango ambao hajawahi kuuona katika nyumba yake mwenyewe. "Kumbe ni wewe," akasema, akaenda kwake na simu tupu. Wiki iliyofuata bibi akasema kompyuta iondoke na kaka, aende nayo Koboko, maana mimi bado mtoto, nitaharibia watu zaidi. Waliifunga kwenye boda kwa kamba za mpira. Sasa kaka ana kibanda chake sokoni Koboko, anatengeneza simu, na wanasema ni hodari. Nani alimfundisha baadaye, sijui.

Leo asubuhi tulikuwa tunaanika muhogo mimi na bibi. Akatoa mfukoni simu ambayo kaka amemtumia. Iko polepole, akasema. "Nifanyie ile kazi yako, mama. Ile ulikuwa unafanyaga hapa."

Kazi yako. Nikaweka chini kipande cha muhogo.

"Bibi, ile siku ulimsikia kaka akisema amehamisha?"

Alipanga vipande vitatu, vinne, kabla ya kujibu. "Nilisikia."

Akachukua kipande kingine.

"Wewe ulikuwa na shule ya kurudi," akasema. "Yeye alikuwa na nini? Mwalimu angemkataa, kijiji kingemkataa. Wewe nilijua utanyamaza. Wewe unajua kunyamaza."

Hakusema samahani, na nadhani haoni ya nini. Mwalimu alihamia kwa binti yake, huko Logiri, sikupata kumwambia. Na mimi simu yangu ninayoitumia iko vile vile ilivyotoka kwenye boksi, na picha ya mlima nisioujua, sijabadilisha hata sauti ya kuita. Wasichana bwenini wanashangaa.

Nikamrudishia bibi simu yake. Nilimwambia kazi hiyo nimeisahau. Akaniangalia vizuri, akaona ninavyodanganya, na safari hii pia akanyamaza.