Mwaka Mama Alipoishusha Nyumba Bondeni

Udongo wa vinyungu una harufu yake. Ni udongo mweusi wa bondeni, unaobaki na maji hata mvua zikishakatika, na ukiulima baada ya kuchoma majani unanuka majivu na matope kwa pamoja. Sisi wa Iringa vijijini tulikula kwa sababu ya bustani hizo za kiangazi. Mahindi ya mlimani yakipungua ghalani, vinyungu vinatoa njegere, maharage na viazi. Nyumba yetu ilikuwa juu, mgongoni mwa kilima, kama nyumba nyingi za kwetu, maana bondeni kuna baridi kali na ile barafu nyembamba ya Juni inayounguza majani ya viazi. Kati ya nyumba na vinyungu kulikuwa na njia moja tu, nyembamba na kali. Ukishuka unapiga hadithi, ukipanda unanyamaza.

Mwaka ninaousema ndio nilioachana na shule, baada ya darasa la nne. Baba alinifanya mtu wake wa kubeba kikapu. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mabega mapana, na sikuwahi kumsikia akilalamika hata siku nyoka alipomgonga. Lakini kiangazi kile akaanza kusalimia watu. Kwetu salamu si neno moja. Ukishasema "Kamwene" unauliza watoto, unauliza mifugo, unauliza shamba, unauliza yule mgonjwa wa juzi. Wengine huruka baadhi. Baba hakuruka hata moja, na zikiisha alianza upya. Njia yetu ya kupanda ilipita kwenye miji ya watu, yaani nyua za majirani, na kila mji alisimama. Watu wakamsifu hadi kanisani, eti uzee unamjia na adabu. Bibi Monika, jirani wa kwanza ukitoka bondeni, mwanamke mwenye ulimi, aliyemwita baba kwa jina langu, ndiye pekee aliyemshangaa usoni. "Baba Agatha, mbuzi wangu uliwauliza jana. Hawajapata habari mpya." Baba akacheka kidogo, akauliza habari za kuku.

Mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona walichokuwa hawakioni. Jasho lilimtoka katika baridi ile. Mkono wa kulia ulikuwa ukisugua kifua, halafu bega la kushoto, halafu taya, kama mtu mwenye jino bovu. Salamu zikichukua muda wake, uso ulimrudia, akasema, "Haya, twende." Mji unaofuata, yale yale. Kwa akili yangu ya kitoto nilidhani watu wazima wote hupanda kilima namna hiyo.

Aliyemkamata ni mama. Siku hiyo alikuwa amechelewa bondeni akikata majani ya maboga, akatufuata kwa nyuma bila sisi kujua. Karibu na kileleni kulikuwa na mji wa watu waliokwisha kuhamia Usangu kwenye mpunga, nyumba tupu, nyasi hadi mlangoni. Baba akasimama pale, akashika nguzo ya zizi, akaanza: Kamwene, watoto hawajambo, ng'ombe je? Mama akatokea na furushi lake kichwani.

"Baba Agatha, unamsalimia nani?"

Baba akaendelea kushika nguzo.

"Nakuuliza. Mlango una kufuli. Unamsalimia nani?"

"Napumzika," baba akasema, na nadhani lilikuwa neno gumu kuliko yote aliyowahi kutamka.

Mama hakupiga kelele. Alitua furushi, akaweka kiganja kifuani kwa baba, akakiacha pale muda mrefu. Kesho yake wakaenda hospitali ya misheni kwa lori la kubeba mbao. Daktari akamsikiliza kifua, akasema moyo haupati chakula chake, asipande mlima wala asibebe mzigo. Akampa vidonge. Zaidi ya hapo hakuwa na kitu, na alisema hivyo wazi. Siku zile kwetu hakuna aliyejua kufungua kifua cha mtu na kukifunga tena akiwa hai.

Sasa tukawa na jambo la kuamua. Vinyungu vilikuwa vimeshapandwa, na bila baba kuongoza maji kwenye mifereji, kazi aliyoijua yeye peke yake, vingekauka. Asiposhuka, njaa. Akishuka, lazima apande. Baba mdogo, mdogo wake baba, akaja na maneno ya mganga wa ng'ambo ya mto, kwamba kuna mtu amekifunga kifua cha kaka. Mama akamwambia kifua kimefungwa na kilima, na kilima tunakijua kilipo. Baba mdogo akasema basi kaka akae nyumbani, tumpelekee uji. Baba aliyesikia yote yale akiwa kwenye kigoda chake aliinua macho, na mimi niliona kwamba kukaa juu akitazama maji yakipotea bondeni kungemmaliza kabla ya kifua chenyewe.

"Nyumba itashuka," mama akasema.

"Shemeji, nyumba haina miguu."

"Inayo. Ile pale." Akatuonyesha sisi watoto, tumejipanga ukutani.

Ndivyo tulivyofanya. Tulifumua nyasi za paa, tukazifunga mizigo mizigo. Nguzo zilishuka mabegani mwa kaka zangu, mlango ulishuka kichwani kwa mama, kuku walishuka ndani ya vikapu wakilalamika njia nzima. Watu walicheka. Bibi Monika alisimama uani akauliza kama tunakwenda kukaa na vyura, na mama akamjibu kuwa vyura hawaulizi maswali. Siku ya pili Bibi Monika huyo huyo alikuja na wanawe, akabeba mawe ya jiko. Tukajenga pembeni mwa vinyungu, mahali palipoinuka kidogo, kibanda cha fito na udongo, na baba akashushwa kwa machela kama bwana mkubwa, amekasirika, hataki kutazama mtu.

Baridi ilitupiga. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, na mama aliamka kabla yetu kuchochea moto ili hewa ipate joto kabla baba hajaivuta. Lakini baba alitembea. Kwenye ardhi tambarare alikwenda polepole na jembe lake, akafungua mfereji huu, akaziba ule, maji yakafika kila tuta. Zile salamu nyingi zikaisha, akarudi kuwa mtu wa maneno machache. Tulivuna njegere hadi tukagawa. Alivuna pamoja nasi, akaona na matuta ya kiangazi kilichofuata yakipandwa, halafu asubuhi moja hakuamka. Kwenye msiba mama alisema jambo moja tu: "Hakufia njiani." Wengine waliona ni maneno makavu. Mimi nilimwelewa.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu maradhi yale ya kifua yamenifikia na mimi uzeeni. Naishi Mlandege, mjini Iringa, na nikawa nabanwa kifua nikipanda kutoka sokoni. Nilisema ni vidonda vya tumbo. Nikanywa dawa ya vidonda. Binti yangu Luzia, anayekaa Mbeya, alinisikia kwenye simu nikihema, akaniambia, "Mama, panda basi uje, au nije nikubebe." Nikaenda. Mbeya wakanipima, wakanipeleka Dar es Salaam, huko wakapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa wa mkono hadi moyoni, wakapiga picha. Daktari akanionyesha. Moyo unasukuma damu ya mwili wote, lakini wenyewe nao una mishipa yake ya kuulisha, na yangu mitatu ilikuwa imeziba kwa mafuta yaliyoganda ukutani mwaka hadi mwaka.

"Mtakwangua?" nikamuuliza.

"Hapana, bibi. Tutatoa mshipa mguuni kwako, tushone kipande juu ya palipoziba na chini yake. Damu ipite pembeni."

"Na kizibo mnakiacha?"

"Tunakiacha palepale."

Nikacheka hadi Luzia akaona aibu. Daktari hakujua kwamba alikuwa ananisimulia mama yangu, aliyekiacha kilima palepale akaishusha nyumba. Mwanangu Yohana alipiga simu kusema mwanamke wa umri wangu hapasuliwi, tuombe tu. Nikamwambia aombe, na huku akiomba mimi nitakuwa napasuliwa.

Sitakudanganya wewe unayesubiri siku yako ya kupasuliwa. Wanapasua mfupa wa katikati ya kifua, na baadaye wanaufunga kwa waya. Ukiamka kuna mrija kooni na huwezi kusema, hilo lilinikera kuliko maumivu. Ukikohoa unakumbatia mto kwa nguvu. Mguu walikotoa mshipa unavimba, na mimi ulinisumbua kuliko kifua. Hunyanyui ndoo, hulimi, hubebi mjukuu hadi mfupa ushikane. Kuna siku utalia bila sababu; lia, halafu unywe dawa zako. Dawa hizo ni za kila siku, kwa maana mshipa mpya nao unaweza kuziba kama wa zamani. Chumvi nimepunguza. Nyama ya mafuta nimewaachia wenye meno. Na usiende nusu nusu kwa woga. Uliza kila kitu, halafu ukikubali, kubali.

Nimepima yale na haya. Mama hakuwa na daktari wa kupitisha damu pembeni, akatumia alichokuwa nacho, akampa baba ardhi tambarare na mavuno yake mwenyewe. Haikuwa kidogo. Mimi nimepewa kilima chenyewe. Simlilii baba tena kwa yale ambayo hayakuwepo, lakini yakiwepo na mtu akakaa nayo mbali kwa woga au kwa ubishi, huyo simwonei huruma, namsema usoni.

Leo asubuhi nimeshuka sokoni, nimenunua dagaa, nimepanda mpaka hapa kwangu bila kusimama. Nimefika nikakaa. Chai mjukuu alikuwa ameshaimimina.