Idi ya Mtoto Asiyekula Karanga

Binti yangu hali karanga. Si kwamba anadeka, maana nyumbani kwangu kudeka hakuna. Kwenye harusi ya shemeji yangu kule Kisarawe alikula kisamvu kilichoungwa karanga, na kabla hatujanawa mikono midomo ikawa imevimba, macho yamefumba, kifua kinapiga mluzi. Nilimpakata kwenye bodaboda mpaka hospitali nikimwambia vuta pumzi mama, vuta. Daktari alisema karanga basi, hata chembe, hata mwiko uliokorogea karanga. Kule harusini watu wakasema mtoto amepigwa jicho. Nikawajibu jicho halitibiwi kwa sindano.

Tangu hapo kila Idi nilimfungia ndani. Hapa kwetu Mbwawa, asubuhi ya Idi watoto huvaa nguo mpya wakapita nyumba kwa nyumba kusalimia, na kila nyumba huwapa mkono wa Idi: kashata, visheti, tende, pipi. Wangu alivaa gauni lake jipya akakaa dirishani, anawahesabu wenzake wanavyopita. Mwaka alioanza darasa la kwanza akaniuliza, "Mama, kwani mimi nimekosa nini?"

Nikasema basi. Idi hii atatoka, na atarudi anapumua.

"Si umnunulie pipi zake ale hapa, yaishe?" baba yake akauliza.

"Idi siyo pipi," nikamwambia. "Idi ni kupita kwa watu uambiwe umependeza."

Jioni ya kuamkia Idi nikatoka kuwapitia majirani. Ilikuwa kazi, ndugu yangu. Huku kwetu ukimwambia mtu mwanao asile chakula chake, umeshamwita mchawi. Kwa hiyo nilibeba pakiti ndogo za tende, na kila nyumba nikaacha moja: akija wangu, mpeni hizi. Wengi walinielewa. Mama wa genge alisema ya karanga yote atayafunga kwenye mifuko, yasigusane na mengine.

Shida ilikuwa nyumba ya mwisho. Bibi wa pale ndiye fundi wa kashata za karanga mtaa mzima, na ana desturi yake: kila mtoto anayekuja humlisha kipande cha kwanza kwa mkono wake, huku anamwombea dua. Nikamwamkia, nikaeleza. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Nimewalisha mpaka wazazi wa watoto hawa, hajafa mtu. Leo mkono wangu una sumu?"

"Siyo mkono wako, bibi. Ni karanga."

"Ati karanga! Mnayatoa wapi maradhi haya? Kwenye simu?"

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawasha. Lakini mkubwa ni mkubwa. Nikaiweka pakiti ya tende kwenye kibaraza chake, nikaaga kwa adabu, na njia nzima nikawa nasema peke yangu.

Nyumbani nikamkalisha binti yangu mkekani. "Ukipewa kitu?"

"Napokea kwa mikono miwili, nasema ahsante."

"Halafu unakula?"

"Sili. Nasema nifungieni, nitakula na mama."

Hilo nililifikiria sana. Ukikataa chakula cha mtu umemtukana, lakini ukiomba kufungiwa umemsifu.

"Na bibi wa kashata, anayelisha kwa mkono?" akauliza.

"Pale usipite."

"Wenzangu wote watapita."

Nikakuna kichwa. "Basi ziba mdomo, useme hapana."

"Nitasemaje nimeziba mdomo?"

Jamani, mtoto huyu! "Sema kwanza, ndipo uzibe."

Asubuhi nilimwahidi baba yake kwamba sitamfuata mtoto. Nilimfuata. Nilivaa baibui, dawa tuliyopewa na daktari nimeiweka mkobani, na dereva wa bodaboda nimeshampanga asubiri pale kona asichukue abiria mwingine. Nyumba ya kwanza, akafungiwa. Ya pili na ya tatu vivyo hivyo, kikapu kinajaa, na mimi nanyemelea nyuma ya ua mmoja mpaka mwingine.

Kwa bibi nikajibanza nyuma ya michongoma. Watoto walijipanga kibarazani, naye anapita na sinia, analisha mmoja mmoja. Vidole vyake vyote vilikuwa na unga wa karanga. Akafika kwa wangu, akainua mkono.

"Fungua mdomo, mjukuu wangu. Bismillahi."

Niliogopa, sisemi uongo. Miguu yangu ilitaka kuruka ule ua na miiba yake. Nikajizuia, maana ningeruka siku ile ningeruka kila Idi.

"Shikamoo bibi," nikamsikia mwanangu. "Mimi karanga zinanikaba pumzi. Naomba unilishe tende, na dua yangu uniombee vilevile." Kisha akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mkono wa bibi ulibaki hewani. Akamwangalia yule mtoto aliyejiziba mdomo, macho tu ndiyo yanaonekana, na yamejaa machozi.

"Leteni maji," bibi akasema. "Na sabuni."

Akanawa mpaka kwenye viwiko, akasugua kucha moja moja. Akaingia ndani akatoka na ile pakiti yangu ya tende, bado imefungwa. Akaifungua, akachukua tende moja, akaitoa kokwa, akamlisha. Dua aliyomwombea ilikuwa ndefu kuliko ya wenzake wote. Mimi kule michongomani nalia, na kamasi juu.

Nikakimbia njia ya nyuma ili afike anikute nyumbani. Tukamwaga kikapu mkekani, tukayatenga ya kwake na ya kugawa. Nikamuuliza, kama sijui kitu, kwa bibi kulikuwaje.

"Kuzuri," akasema, anamenya pipi. "Bibi amesema mwakani usisimame kwenye miiba. Uje mbele, na wewe ulishwe."